Sifa za wanafunzi wenyewe kwenye maabara ya jenetiki: namna ya kuzitumia bila kumuumiza mtu

Kabla hujaagiza kemikali wala kupanga ratiba, jiulize swali moja: mwanafunzi akiondoka na jibu la zoezi hili, akalipeleka nyumbani likizo, litafanya nini sebuleni kwa wazazi wake?

Sikujiuliza swali hilo mwaka nilipoanza kufundisha jenetiki hapa Dodoma. Tulipima makundi ya damu, kama nilivyofundishwa mimi. Zoezi lilikwenda vizuri, vicheko, matone ya damu kwenye vigae vyeupe, kila mtu anamwambia mwenzake yeye ni kundi gani. Jioni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alibaki nyuma, begi begani.

“Shikamoo madam.”

“Marahaba. Umesahau kitu?”

“Hapana. Mimi nimetoka AB. Baba yangu ni O, imeandikwa kwenye kadi yake ya kuchangia damu.”

Hakuuliza swali lolote. Hakuhitaji, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimechora ubaoni kwamba mzazi wa kundi O hana cha kumpa mtoto ila aleli ya O, yaani toleo la O la jeni hiyo. Nilimweleza kwamba zipo hali adimu zinazovunja kanuni hiyo, na kwamba dawa zetu za kupimia zilikuwa zimekaa bila baridi umeme ulipokatika wiki iliyotangulia, kwa hiyo jibu lenyewe halikuwa la kuaminika. Yote mawili yalikuwa kweli. Aliitikia “sawa madam” akaondoka. Hakurudi kuuliza tena, nami sikuwa na haki ya kumfuata na kumchokonoa.

Tangu siku hiyo nimepanga mazoezi haya upya. Bado naamini hakuna kinachomwamsha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama kuona aleli yake mwenyewe ikiwaka kwenye jeli. Ila sifa ya kupima lazima ichaguliwe kwa makini, na utaratibu upangwe ili mtu aweze kukataa bila yeyote kujua kwamba amekataa. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya kwanza: chagua sifa, na uwe tayari kuacha nyingi

Sifa inayofaa ina mambo matatu. Inatofautiana ndani ya darasa lako. Haisemi lolote kuhusu ugonjwa. Haiwezi kugeuzwa kipimo cha nani baba wa nani.

Jambo la kwanza peke yake linaondoa nusu ya mifano ya vitabuni. Macho ya bluu na nywele nyekundu utazitafuta ukumbi mzima usizipate. Nta ya masikio ni mfano mzuri kweli kweli wa jeni moja, inaitwa ABCC11, lakini darasa letu karibu lote litakuwa na nta ya majimaji. Ile kavu ni ya watu wa Asia ya Mashariki zaidi. Ukipima kitu ambacho wote wanacho, hujafundisha tofauti za kurithi.

Kisha kuna sifa ambazo si kweli. Kukunja ulimi kumefundishwa kama sifa ya jeni moja tangu Alfred Sturtevant alipoandika hivyo mwaka 1940. Mwaka 1952 Philip Matlock alichunguza jozi 33 za mapacha wanaofanana, na katika jozi 7 mmoja alikunja ulimi na mwenzake akashindwa. Mapacha hao wana jeni zile zile. Sturtevant mwenyewe alikubali baadaye kwamba mfano huo haufai, lakini bado unafundishwa, na watoto wanarudi nyumbani kuwakagua wazazi ndimi. Ndewe za masikio nazo ni hivyo hivyo: ukiangalia darasa zima kwa uangalifu utaona zinapangana kidogo kidogo kutoka zilizoshikana hadi zinazoning'inia, na utafiti wa mwaka 2017 ulihusisha umbo hilo na sehemu 49 za jenomu. Tumia ndewe, ila zitumie kuonyesha kwamba kitabu kilirahisisha mno.

Makundi ya damu nimeshasema. Ukitaka kufundisha Landsteiner, aliyegundua makundi hayo, na aleli zake tatu, tumia damu bandia. Itakuondolea pia hofu ya sindano na homa ya ini.

Seli mundu ndiyo inayowavutia walimu wengi, na naelewa kwa nini. Ni jeni moja, ni herufi moja ya DNA iliyobadilika, na Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya huku kwetu Afrika Mashariki, kwamba mwenye aleli moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ifundishe kwa moyo wote. Usiipime kwa wanafunzi. Kumwambia kijana wa miaka ishirini kwamba amebeba aleli hiyo ni kazi ya kliniki yenye mshauri, siyo kazi ya meza namba nne saa kumi jioni. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao hurithiwa, uweke kapu hilo hilo.

Baada ya kuchuja, mimi nimebaki na tatu: uchungu wa PTC, kemikali ambayo wengine huihisi chungu na wengine hawaihisi; mistari ya vidole; na PV92, kipande cha DNA cha aina iitwayo Alu.

Hatua ya pili: kibali na ridhaa

Anza mwezi mmoja kabla ya muhula. Tanzania tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ambayo msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usijipe jibu kwamba “hili ni la kufundishia tu”. Peleka maelezo ya zoezi kwenye kamati ya maadili ya chuo chako, uulize kwa maandishi kama DNA ya wanafunzi inahitaji kibali zaidi, na usubiri jibu. Likichelewa, fanya PTC na vidole mwaka huu, PV92 mwakani.

Fomu ya ridhaa iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kozi. Ieleze nini kitapimwa, nini hakitapimwa, sampuli itateketezwa lini, na kwamba alama za zoezi hazitegemei kushiriki. Itoe wiki mbili kabla, mtu akasome bwenini. Na usiikusanye wewe unayesahihisha mitihani. Mwanafunzi hawezi kumwambia hapana mtu anayeshika matokeo yake; mpe fundi sanifu wa maabara au mwalimu wa kozi nyingine kazi hiyo.

Fomu peke yake haitoshi, kwa sababu darasani wote wanaona nani ameinua pipeti na nani amekaa. Suluhisho langu ni chumba cha maandalizi. Kila mwanafunzi anaingia peke yake. Ndani kuna vikombe vya maji ya chumvi, na kuna rafu ya vichupa vilivyokwisha kujazwa seli zangu na za fundi sanifu wetu, ambaye ameridhia kama mimi. Anayetaka anasukutua na kujaza kichupa chake. Asiyetaka anachukua kimoja cha rafuni. Kisha anachomoa namba kwenye mfuko, anaibandika kwenye kichupa, anatoka. Wote wanatoka na kichupa kimoja kilichofanana na cha mwenzake, wote wanafanya kazi ile ile hadi mwisho. Hakuna orodha inayounganisha jina na namba, kwa hiyo hakuna orodha ya kupotea.

Hatua ya tatu: uchungu wa PTC

Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akimimina unga wa PTC, vumbi likaruka, mwenzake akalalamika kwamba kinywa kimekuwa kichungu. Fox hakuhisi kitu. Waeleze wanafunzi kisa hicho kabla ya kugawa karatasi, maana ndicho kitakachotokea kwenye kila benchi.

Nunua karatasi zilizotengenezwa tayari. PTC ya unga ni sumu, na kiasi kilichomo kwenye karatasi ni kidogo mno kwa sababu mtengenezaji ameipima. Usijaribu kuloweka zako mwenyewe. Kila mtu aanze na karatasi tupu isiyo na kemikali, aiweke ulimini, azoee ladha ya karatasi. Hapo ndipo afuate ile ya PTC. Usiruke karatasi tupu: utapata watu wanaosema “chungu” kwa sababu jirani amekunja uso.

Matokeo yaandikwe kwenye kipande cha karatasi, yakunjwe, yatumbukizwe kwenye kisanduku, kama wanavyopiga kura ya serikali ya wanafunzi. Hesabu mbele yao.

Tuseme mmepata kura 120, na 30 hawakuhisi uchungu. Ukichukulia kwamba kutohisi ni sifa fiche ya jeni moja, kwa kanuni ya Hardy na Weinberg q², yaani sehemu ya wasiohisi, ni 0.25; q, kiasi cha aleli ya kutohisi, ni 0.5; p, ya kuhisi, ni 0.5; na 2pq inakuambia wanafunzi 60 wamebeba aleli zote mbili. Darasa linaridhika. Sasa wavurugie. Waulize wangapi walisita, walihisi “kidogo”, au uchungu ulikuja baada ya nusu dakika. Watakuwepo. Jeni husika, TAS2R38 kwenye kromosomu ya 7, iligunduliwa mwaka 2003, na tofauti zake tatu za herufi zinaungana kwa namna mbalimbali. Namna mbili ndizo zinazotajwa sana, ya wanaohisi na ya wasiohisi, lakini Afrika tuna mchanganyiko mwingi zaidi wa hizo, na baadhi unatoa hisia ya katikati. Kwa hiyo yule aliyesita hajakosea zoezi, ila hesabu ya sifa mbili tu ndiyo isiyomtosha. Mimi hutumia saa nzima hapa, na sijawahi kuijutia.

Onya pia juu ya kupeleka karatasi nyumbani. Kwa kuwa sifa hii si ya jeni moja safi, wazazi wasiohisi wanaweza kuwa na mtoto anayehisi, na hilo si ushahidi wa kitu chochote. Karatasi zinahesabiwa zinapotoka na zinaporudi.

Hatua ya nne: mistari ya vidole

Hili ni zoezi la bei ya penseli, na ndilo bora kuliko yote kwa kufundisha sifa zinazotokana na jeni nyingi. Paka risasi ya penseli kwenye karatasi hadi ing'ae, sugua kidole hapo, bandika selotepu juu ya kidole, ivute, ibandike kwenye karatasi nyeupe. Vidole kumi, dakika kumi.

Kiangazi cha Dodoma kinakausha ngozi, na wapo wanafunzi waliolima hadi wiki ya kufungua chuo. Mistari yao imesuguliwa na mpini wa jembe. Wapake mafuta, wangoje kidogo, wafute, wajaribu tena. Usimwache mtu aseme vidole vyake “vibovu”.

Kuhesabu ndiko kunakohitaji jicho. Kwenye alama ya kitanzi, tafuta mahali ambapo mistari ya pande tatu inakutana kama pembetatu ndogo. Tafuta pia kitovu cha kitanzi. Chora mstari mwembamba kutoka pembetatu hadi kitovu, hesabu matuta, yaani mistari iliyoinuka, yanayokatwa. Alama ya mviringo ina pembetatu mbili, basi hesabu pande zote mbili uchukue kubwa. Alama ya tao ni sifuri. Jumlisha vidole vyote. Utapata namba zinazoanzia karibu na sifuri hadi zaidi ya 200, na ukizichora kwa darasa zima zitapanda katikati na kushuka pembeni kama kichuguu. Hakuna “anayo” na “hana”.

Muulize mwanafunzi mwenye pacha anayefanana naye, kama yupo na kama anapenda: jumla zao zitakaribiana, lakini alama zenyewe hazitalingana mstari kwa mstari, kwa sababu matuta haya hujipanga mtoto akiwa tumboni na mazingira ya humo nayo yana mkono wake.

Jambo moja la lazima. Hapa kwetu kidole kinasajili laini ya simu na kitambulisho cha NIDA. Kila mtu ahesabu vidole vyake mwenyewe, aandike jumla tu, kisha achane karatasi ya alama mbele ya macho yake kabla ya kutoka.

Hatua ya tano: PV92

Alu ni kipande cha DNA cha herufi 300 hivi kilichojinakili mara nyingi sana kwenye jenomu ya binadamu. Kile cha PV92, kromosomu ya 16, watu wengine wanacho na wengine hawana. Hakijulikani kusababisha ugonjwa wala hakionekani kwa nje, na ndiyo sababu nakipenda.

Sukutua kwanza kwa maji ya kawaida kuondoa mabaki ya chapati na maharage, kisha kwa mililita 10 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa nusu dakika. Chukua mililita moja, zungusha kwenye sentrifyuji, mwaga maji ya juu. Kwenye seli zilizobaki chini weka mikrolita 200 za mchanganyiko wa Chelex, punje zinazonasa metali, nyuzi 56 kwa dakika 10, kisha uchemshe. Vitabu husema nyuzi 100. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hayatapanda zaidi hata uongeze moto. Nyuzi 96 zinatosha kupasua seli, wewe ongeza muda hadi dakika 10. Wanafunzi wa fizikia wanalipenda jambo hili. Zungusha tena, na uchukue maji ya juu bila kugusa punje za Chelex, kwa sababu punje zikiingia kwenye PCR, hatua ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, zinakaba magnesi na kimeng'enya hakifanyi kazi.

Maji ya bomba yasikaribie kabisa. Kila anayechemsha chai Dodoma ameona ukoko mweupe ndani ya birika lake. Chumvi hizo zitakuharibia bafa na PCR. Tumia maji yaliyotoneshwa, kwenye bafa ya jeli pia.

PCR yenyewe: mizunguko 40 ya nyuzi 94 kwa dakika moja, 60 kwa dakika moja, 72 kwa dakika mbili. Hiyo ni zaidi ya saa mbili na nusu kabla hujahesabu muda wa mashine kupanda na kushuka joto, kwa hiyo iwashe asubuhi na uiweke kwenye UPS. Umeme ukikatika mzunguko wa 22 bila UPS, darasa zima limepoteza siku. Vimeng'enya vitoke friza dakika ya mwisho, vikae kwenye barafu.

Kutenganisha vipande kwa ukubwa, jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 inatosha. Asiye na Alu ataona mstari mmoja kwenye herufi 641, mwenye nazo mbili mstari mmoja kwenye 941, mwenye moja ataona yote miwili. Zima taa, wape nafasi wasogee. Kuna ukimya unaingia chumbani wakati huo ambao sijaupata kwenye mhadhara wowote.

Kisha kura tena: kila mtu aandike jenotaipu yake, aliyechukua kichupa cha rafuni atumbukize karatasi tupu. Hesabu ya mfano: kati ya kura 40, watatu wana nakala mbili, 14 wana moja, 23 hawana. Aleli zenye Alu ni 20 kati ya 80, yaani 0.25. Kanuni ya Hardy na Weinberg inatabiri 2.5, 15 na 22.5. Kai-skwea, kipimo cha umbali kati ya hesabu na tarajio, inatoka 0.18, chini kabisa ya mpaka wa 3.84, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikataa kanuni. Waonyeshe pia kwamba tarajio la 2.5 ni dogo mno kwa kipimo hicho, na kwamba ukiunganisha madarasa ya miaka kadhaa utapata hesabu yenye nguvu.

Mtu atapendekeza mgawanye kwa kabila, Wagogo huku, Warangi kule, Wanyaturu pale. Kataa. Watu sita wa kabila moja hawawakilishi kabila lao, na kwenye kundi dogo namna hiyo kila mtu anajua jibu ni la nani. Anayetaka kulinganisha makundi ya watu mpe data zilizochapishwa. Tuna mfano mzuri jirani: utafiti wa mwaka 2007 ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochukua sampuli Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba wafugaji wa huku wana badiliko lao la kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu. Hilo wasome, walijadili.

Hatua ya sita: kuteketeza siku hiyo hiyo

Usiahirishe hadi kesho. Weka ndoo ya jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, mbele ya darasa. Kila mwanafunzi afungue vichupa vyake mwenyewe, cha seli na cha DNA, avizamishe. Viache nusu saa. Vichupa vya PCR vilivyobaki kwenye mashine visisahaulike, hivyo ndivyo husahaulika kila mwaka. Jeli baada ya kupigwa picha iende na taka za maabara. Ukimaliza, vua glavu, hesabu vichupa vya seli ndooni, na idadi iwe sawa na ya namba zilizotoka mfukoni. Ikipungua kimoja, mlango haufungwi hadi kipatikane.